Podo la bomba na mguu wa jinzi: jibu kwa mwalimu wa Voi

"Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Voi. Tumeanzisha kikundi cha kulenga shabaha kwa upinde. Wanafunzi ni kumi na wawili, pinde sita za faibaglasi, mishale thelathini na sita. Kwa sasa mishale tunaichomeka mchangani mbele ya mstari, au mtoto anaishika mkononi. Mingi imeshaharibika manyoya, na juma lililopita mmoja ulikanyagwa ukavunjika. Mapodo ya dukani, yale ya kuvaa na kubebea mishale, hatuyawezi. Nitengeneze kwa kitu gani cha bei ya chini? Lile la mgongoni tunaloliona kwenye filamu lafaa? Na nifanye nini mishale isigongane wala isitoboe chini?"

Marahaba, mwalimu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na nitaanza na sehemu ya mwisho, maana umeiweka mwisho ilhali ndiyo yenye podo zima ndani yake. Podo ni mdomo na kitako. Mdomo ndio unaoamua kama mkono wa mtoto utapata mshale bila kupapasa na kama manyoya yatabaki mazima. Kitako ndicho kinachoamua kama ncha zitatulia au zitatoka na kumchoma mtu mguuni. Kilichobaki hapo katikati ni nguo tu. Nimeona mapodo ya ngozi nzuri, yameshonwa kwa uzi wa nta na kutiwa nakshi, na bado ni mabaya kwa sababu mdomo umelegea kama mfuko wa sokoni na kitako ni kipande kimoja cha ngozi ambacho ncha zimekwisha kukipekecha. Pia nimeona podo la mguu wa suruali lililotumika kwa miaka bila kutoboka. Kwa hiyo fedha yako ndogo na muda wako viende kwenye mdomo na kitako.

Kabla ya vipimo nikupunguzie kazi. Una pinde sita na mishale thelathini na sita, yaani mishale sita kwa kila upinde. Anayehitaji podo ni yule aliyeshika upinde. Tengeneza mapodo sita, siyo kumi na mawili, na mshipi uwe wa kurefushwa na kufupishwa ili mtoto mmoja akimaliza amvalishe mwenzake.

Sasa lile la mgongoni. Usilitengeneze, mwalimu. Kwenye filamu linapendeza kwa sababu aliyelivaa hainami. Uwanjani kila mtu hunama: anaokota mshale ulioanguka, anafunga kamba ya kiatu, anachomoa mishale iliyoingia chini ya shabaha. Akinama tu, mishale yote inamtoka kupitia begani na kumwagika mbele ya uso wake. Tena mvaaji haioni mishale yake. Mkono unakwenda nyuma ya shingo kupapasa, unashika manyoya badala ya noki (kile kijino cha plastiki cha nyuma kinachokaa kwenye ugwe, yaani kamba ya upinde), na manyoya yakishikwashikwa hivyo kila siku hayafiki mwisho wa muhula. Mtoto aliyesimama nyuma naye ana noki na manyoya usawa wa macho yake. Tazama picha za wapiga upinde wa Olimpiki, akiwemo Shehzana Anwar wetu aliyebeba bendera ya Kenya kule Rio de Janeiro mwaka 2016: wanaolenga shabaha huvaa podo nyongani. Huko ndiko la kwenu litakaa.

Wazee wa pande zenu wao walikuwa na sababu nyingine. Neno podo lina nduguye, ziaka, ambalo siku hizi halisikiki sana, lakini Mkamba bado atakuambia thyaka na Mkikuyu thiaka, na wote wanasema kitu kilekile. Ziaka la Kikamba ni la ngozi, refu na jembamba, lina kifuniko, na linaning'inia kwa mkanda wa begani. Kifuniko hakikuwa pambo. Mishale ya Wakamba, ya Wagiriama na ya Wawaata, wale wawindaji wa tembo wa nyika ya Tsavo waliosifika kwa pinde zao ngumu, ilitiwa sumu iliyochemshwa kutoka kwa mti ambao wataalamu wa mimea wanauita Acokanthera. Sumu hiyo husimamisha moyo. Ilitakiwa isikauke wala isilowe mvua, na isimguse mwenye mshale. Ndiyo maana mshale uliopakwa ulizungushiwa ukanda mwembamba wa ngozi, kisha podo likafunikwa. Nalitaja hili kwa sababu mbili. Kwanza, utaona kwamba hata wao waliumiza kichwa kwenye mdomo wa podo. Pili, mzazi mmoja akikuletea ziaka la babu yake ili muige, shukuru, lipime kwa nje, lakini usiruhusu mtoto kuingiza mkono wala kugusa ncha zilizomo. Sumu ya zamani hudumu muda mrefu, na mchubuko mdogo kidoleni ni mlango tosha.

Tuingie kazini. Unahitaji bomba la plastiki la inchi 4, lile la maji machafu lenye kipenyo cha milimita 110. Usinunue zima. Nenda mahali wanapojenga uombe mabaki, kwa sababu kila podo linataka sentimita 47 tu na mafundi huvitupa vipande vya namna hiyo. Tafuta pia suruali kuukuu za jinzi, ndara zilizokatika, mtungi wa plastiki uliopasuka, kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, na mkanda wa usalama wa gari kutoka gereji yoyote yenye magari mabovu. Cha kununua ni gundi ya viatu, bolti ndogo zenye nati na washa, na msasa. Kama shule ina karakana, msumeno wa chuma na drili mnavyo tayari.

Watu wengi huchukua bomba, wakalifunga chini, wakalifunga kwenye mshipi, wakasema podo limekwisha. Langu la kwanza lilikuwa hivyo. Bomba zima ni zito, linampiga mtoto pajani kila hatua, na mishale sita ndani yake inalia kama vijiko kwenye bakuli. Siku ya mvua maji yalikaa chini nisiyaone, na asubuhi ncha zote zilikuwa na kutu. Dawa yake ni kulikata bomba libaki mifupa tu.

Fanya hivi. Kata urefu wa sentimita 47. Chora mstari kuzunguka bomba sentimita 5 kutoka juu, na mwingine sentimita 10 kutoka chini. Kati ya mistari hiyo miwili chora mistari miwili ya wima, iliyoachana sentimita 4. Huo ukanda wa sentimita 4 ndio uti wa mgongo wa podo lako. Sehemu nyingine yote ya katikati itaondoka, ubaki na pete juu, kikombe chini, na uti mmoja unaoviunganisha. Kabla ya kukata toboa tundu kwa drili kila pembe ambapo mstari wa wima unakutana na wa mzunguko. Usiliruke hili. Plastiki hii hupasuka kuanzia kwenye pembe kali, na tundu la mviringo huzuia ufa usianze. Ukimaliza, bomba litakuwa limepoteza zaidi ya nusu ya uzito wake. Vipande vilivyotoka usivitupe, tutavihitaji.

Sasa chemsha maji kwenye sufuria kubwa ya zamani. Bomba hili hulainika likifikia nyuzijoto kama 80, kwa hiyo maji yanayochemka yanatosha na huna haja ya moto. Narudia hapa kwa sababu ya watoto: msilipitishe bomba kwenye makaa wala kwenye mwali wa gesi. Likiungua linatoa moshi wenye tindikali unaounguza koo na mapafu. Maji tu. Zamisha pete ya juu kwa dakika mbili tatu mpaka uihisi inabonyea kama ngozi mbichi. Itoe ukiwa umevaa glavu nene, ikamue taratibu kati ya mbao mbili mpaka mdomo uwe wa yai, unene wa sentimita 7 na upana wa kama 14, kisha mwagia maji baridi huku bado umeikamua. Itabaki hivyohivyo. Angalia jambo moja: ule uti wa sentimita 4 uwe katikati ya upande bapa, kwa sababu upande huo ndio utakaolala pajani. Mdomo wa mviringo hutokeza nje ya mwili na kugonga kila mtu kwenye mstari. Mdomo wa yai unalala, na mishale inajipanga upande kwa upande ambapo macho yanaiona.

Kitako. Kwenye ukingo wa chini kata mipasuo ya sentimita 2 kuzunguka, kiasi cha minane, upate vijilimi. Zamisha kwenye maji yanayochemka, kisha ukunje kila kijilimi kwa ndani. Hapo podo lako linabaki na urefu wa sentimita 45, na vijilimi vinakuwa rafu ya kubeba kitako. Kutoka kwenye ubavu wa mtungi kata duara linaloingia ndani ya kikombe kwa kubana kidogo. Toboa matundu manne madogo karibu na ukingo wake ili maji yapite, kisha lipitishe kutoka juu likae kwenye vijilimi. Juu yake gundisha miduara miwili iliyokatwa kwenye soli ya ndara, mmoja juu ya mwingine, nayo uitoboe matundu yakutane na yale ya plastiki.

Chukua mshale mmoja sasa, kabla hata podo halijavikwa nguo, uudondoshe ndani. Utasikia mlio mzito, mfupi, kama kidole kwenye mto. Ncha imezama kidogo ndani ya ndara ikasimama palepale. Ukilitikisa podo, mshale unayumba juu lakini chini hauhami. Hilo ndilo jibu la maswali yako mawili kwa pamoja. Mishale hugongana kwa sababu ncha zinateleza chini na kukusanyika mahali pamoja, na kitako hutoboka kwa sababu ncha zote zinapekecha shimo lile lile. Ndara huishika kila ncha mahali ilipotua, na plastiki ya mtungi iliyo chini yake huizuia isipite. Wengine hutumia sponji ya godoro. Inafaa kwa wiki chache, kisha inakuwa unga na unga huo unang'ang'ania kwenye ncha. Ubao nao hugonga, na ncha zikiuchimba huwa zinanasa. Ndara zikichakaa, zitoe ubandike nyingine. Zikipanguswa na kutiwa gundi mpya ni kazi ya robo saa.

Nguo ni rahisi. Mzunguko wa bomba la inchi 4 ni kama sentimita 34 na nusu, na hata ukiliminya liwe yai mzunguko haubadiliki. Kwa hiyo tafuta sehemu ya mguu wa jinzi ambayo ukiilaza bapa mezani ina upana wa sentimita 18 au 19. Mara nyingi ni chini kidogo ya goti. Kata urefu wa sentimita 55, uivalishe mifupa yako kama soksi, na sehemu ya juu uikunje iingie ndani ya pete. Sasa chukua ule mpira wa bustani, urefu wa sentimita 35, uupasue kwa urefu upande mmoja, upake gundi ndani, na uukandamize kwenye ukingo wa mdomo juu ya nguo. Unakuwa mdomo wa podo, laini na mnene, na wenyewe umeshika nguo bila sindano. Ukingo mtupu wa bomba, hata ukiupiga msasa namna gani, baada ya muda hukwaruza uti wa mshale na kunyoa manyoya. Chini, zungushia nguo uzi mgumu kwenye kikombe na uache tundu la kutolea maji wazi.

Urefu huu wa sentimita 45 nimeupima kwa mishale ya inchi 28, ambayo ni sentimita 71, na nadhani yenu ndiyo hiyo kwa kuwa pinde za shule nyingi huja nayo. Karibu theluthi mbili ya mshale inakuwa ndani, na manyoya yote yako juu ya mdomo, hayagusi kitu. Kama una watoto wadogo wenye mishale ya sentimita 60, kata bomba la sentimita 40, ukikunja utabaki na 38. Podo refu kuliko hapo linameza manyoya. Fupi zaidi linapinduka mtoto akigeuka ghafla.

Kugawa mishale ndani sasa. Nimewahi kuweka vipande vya bomba la waya za umeme, mshale mmoja kila bomba, na sikupenda: makelele yakarudi yale yale. Mpe fundi cherehani ukanda wa jinzi wenye upana wa sentimita 8, auzungushe upate vitanzi vitatu vilivyo sambamba, vya kupita ndani yake mishale mitatu mitatu bila kubana. Vifunge kwa bolti mbili kwenye ukuta wa mbele wa pete, vichwa vya bolti vikiwa ndani na nati nje, mbali na paja. Wewe unaweza kuuliza, mishale sita na vitanzi vitatu vya mitatu mitatu, hicho cha tatu ni cha nini?

Hicho ni cha mishale inayoshukiwa, na kwangu mimi hapo ndipo podo linapogeuka kutoka mfuko na kuwa chombo cha usalama. Mshale ukigonga ukingo wa mbao, ukigonga jiwe au ukigongwa na mshale mwingine, unaweza kuwa na ufa ambao jicho halioni. Ukiutupa tena, upinde unausukuma kwa nguvu yake yote, uti unapasuka, na vipande vinaingia mkono ulioshika upinde. Nimemwona kijana aliyepatwa na hilo. Kilichonisikitisha ni kwamba alikuwa anajua mshale ule umegonga jiwe; aliurudisha na wenzake kwenye podo, wakachanganyika, na raundi iliyofuata mkono wake ukautoa bila kuuchagua. Wafundishe hivi: mshale uliogonga kitu kigumu unakwenda kitanzi cha tatu, cha nyuma, na hautoki humo mpaka mazoezi yaishe na wewe mwenyewe uukague. Shona uzi mwekundu kwenye kitanzi hicho. Kwa mishale yenu ya faibaglasi, pitisha kipande cha kitambaa cha pamba kuanzia nyuma hadi mbele. Pamba ikinasa mahali, pana kibanzi, na mshale huo umekwisha kazi, uuvunje utupe. Usiupitishe kwa kidole kitupu, maana vibanzi vya faibaglasi ni vyembamba mno na kuvitoa kwenye ngozi ni taabu. Mkija kupata ya kaboni, ushike kila mwisho, uupinde kidogo huku ukiuzungusha, na usikilize karibu na sikio lakini uso ukiwa umeugeuzia pembeni. Ukisikia mkwaruzo au mlio wowote wa kupasuka, usiupige.

Vile vitanzi viwili vya kwanza, mitatu hapa na mitatu pale, vitawafaa pia siku mkienda kwenye mashindano. Kanuni za kimataifa za ndani ya ukumbi, umbali wa mita 18, mshindani hupiga mishale mitatu kisha watu wanakwenda kuhesabu. Nje, kwenye mzunguko wa mchujo wa mita 70, ni sita sita mpaka itimie 72. Mtoto akizoea kuona kitanzi kimoja kimebaki kitupu, anajua amemaliza bila kuhesabu kwa vidole.

Kulitundika ndipo wengi wanapokwama. Ukilifunga podo kwa kamba moja kwenye mshipi, litasimama wima na kuzunguka kama ndoo ya kisimani. Chukua kimoja cha vile vipande vikubwa ulivyokata kwenye bomba, kizamishe kwenye maji yanayochemka na ukikandamize kwa ubao kiwe bapa. Kikate kiwe bamba la pembetatu, juu pana sentimita 14, na karibu na kila pembe ya juu toboa mlango wa kupitisha mkanda wa gari. Kwa kuwa mkanda umepita mahali pawili palipoachana, bamba haliwezi kuzunguka. Podo linafungwa kwenye bamba kwa bolti mbili kupitia ule uti wa mgongo: moja juu, moja chini.

Toboa tundu la bolti ya juu tu. La chini usitoboe bado. Mvalishe mwanafunzi, bamba likae nyongani upande wa mkono unaovuta ugwe, mtie mishale yote sita, mwambie asimame kama anayepiga. Podo bado linazunguka kwenye bolti moja. Lilaze mdomo uelekee mbele kidogo kidogo, na kila mara mwambie achukue mshale bila kutazama. Kuna pembe ambapo mkono unashuka wenyewe na vidole vinakuta noki. Hapo weka alama, toboa, funga bolti ya pili. Kwa watoto wengi ni karibu theluthi moja ya pembe mraba, lakini sikupi nambari ya kufuata kwa sababu mwili ndio unaopima. Mdomo ukielekea mbele ni kwa kulenga shabaha uwanjani. Ukitaka la kutembea nalo vichakani, geuza mdomo uelekee nyuma ili manyoya yasinase miiba, ila kwa kikundi chako sioni haja.

Mwanafunzi anayevuta kwa mkono wa kushoto usimlazimishe podo la kulia. Toboa tundu la tatu upande wa pili wa bamba, na kwa kubadilisha bolti moja podo lile lile linageuka la kushoto.

Kama suruali mliyoikata ina mfuko wa nyuma, mwambie fundi aushone mbele ya podo. Weka humo kipande cha tyubu ya baiskeli, ukubwa wa kiganja. Kinashika uti wa mshale unapochomolewa kwenye shabaha, na mtoto havuti kwa kushika manyoya. Akichomoa, mkono mmoja uwe umebana shabaha kandokando ya mshale, na nyuma yake pasiwe na mtu, maana noki huja kwa kasi kuelekea machoni.

Kwa wale sita wanaosubiri zamu hawahitaji kuvaa kitu. Mabaki ya bomba ya sentimita 30, yakifungwa kwenye kipande cha nondo kilichochomekwa ardhini, yatashika mishale ya akiba isilale chini. Kazi hiyo hata kidato cha kwanza wataifanya.

Sheria za podo kwa watoto ni chache na uziseme kila siku. Hakuna kukimbia na podo lenye mishale, hata kwenda kwenye shabaha. Hakuna kukaa chini au kuchuchumaa nalo: anayetaka kukaa analivua kwanza. Na ncha ziwe hizi butu za kulengea shabaha. Ncha zenye mabawa ya kukata, za kuwindia, haziingii kwenye podo la wazi kabisa, maana zinapasua ndara, nguo na paja kwa mkupuo mmoja.

Jambo la mwisho ni la Voi yenyewe. Mko katikati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na uwindaji umepigwa marufuku Kenya tangu 1977. Mtu anayetembea kandokando ya barabara ya mbuga akiwa na upinde na mishale ataulizwa maswali, na mwenye kuuliza ana haki ya kuuliza. Mapodo yakae shuleni chini ya kufuli. Mkisafiri, fungueni ugwe, mishale ifungwe ndani ya begi, na mwalimu awe na barua ya shule mfukoni. Mweleze mkuu wa shule aanze mwenyewe kuwaarifu askari wa wanyamapori kwamba kikundi kipo, kabla wao hawajakisikia kwa mwingine.

Tengeneza moja kwanza, mwalimu. Mpe mtoto mfupi kuliko wote na mtoto mrefu kuliko wote, kila mmoja alivae kwa siku mbili, atembee nalo, aname, achomoe mishale. Angalia kitako kisipite goti la yule mfupi. Kikipita, lipandishe podo juu kidogo kwenye bamba badala ya kulikata. Kisha ndipo ukate bomba la yale matano yaliyobaki.